Shule rafiki ya ng'ambo: tutafaidika nini kama si kompyuta?

SWALI: Mimi ni makamu mkuu wa sekondari ya kata mkoani Morogoro. Shule moja ya London inataka tuwe shule rafiki. Bodi inauliza tutapewa kompyuta ngapi. Mimi nauliza: wanafunzi watafaidika nini hasa, na tutaendeshaje jambo hili kwa kompyuta mpakato moja na intaneti ya kubahatisha?

JIBU: Mwalimu, kompyuta zikija zipokeeni, ila msianzie hapo. Nimeona urafiki wa shule ukiishia kwenye barua za shukrani: huku wanapiga picha na msaada, kule wanaibandika ukutani, basi. Unaodumu ni ule wenye kazi ya darasani ambayo pande zote mbili zinaihitaji.

Ningeanza na mvua, maana mada ya hali ya hewa mnaifundisha hata hivyo. Kateni chupa ya plastiki iliyonyooka, mgeuze sehemu ya shingo iwe faneli, mbandike rula ubavuni. Wanafunzi wasome kila siku ya shule saa sita na nusu mchana, waandike milimita, na siku kavu waandike sifuri (hapo ndipo wengi huteleza, wanaacha wazi). Jumatatu waonyeshe kwamba ni jumla ya siku tatu, maana wikendi hawakusoma. Namba hizo zinaingia kwenye ujumbe mmoja wa simu, bando halitawasumbua. Mkitaka fomu na maelekezo yaliyokwisha kupimwa, upo mpango wa GLOBE, wa wanafunzi kupima mazingira yao, uliotangazwa Marekani mwaka 1994.

Faida itaonekana mkilinganisha na vipimo vya wenzenu wa London. Watoto wetu huamini Uingereza ndiko kwenye mvua. Kumbe London hupata takriban milimita 600 kwa mwaka, Morogoro mjini hupata zaidi. Tofauti ni kwamba kwao inagawanyika miezi yote, kwetu inamwagika masika na vuli. Mwanafunzi akilazimika kumweleza mwenzake hayo kwa Kiingereza, anamwandikia mtu anayesubiri jibu, si mwalimu mwenye kalamu nyekundu. Mazoezi ya namna hiyo hayapatikani kwenye kitabu. Na wale wa London, kwa mara ya kwanza, wanahitaji kitu kutoka kwenu.

Mazungumzo ya video yawe ya nadra. Saa tatu asubuhi London ni saa sita mchana kwetu. Saa zao zikisogezwa mbele, kuanzia Jumapili ya mwisho ya Machi hadi ya mwisho ya Oktoba, inakuwa saa tano. Wao hufunga Agosti yote, ninyi Juni na Desemba, kwa hiyo pangeni kalenda mapema.

Picha za wanafunzi zisitumwe bila ridhaa ya wazazi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inawahusu. Na barua pepe iwe ya shule, yenye walimu wawili wanaojua nywila. Mwalimu mmoja akipata uhamisho, mawasiliano yasiondoke naye.