Ukiona 00:40 kwenye tiketi, ni usiku wa kuamkia

Safari yangu ya kwanza kwenda Guangzhou, China, kufuata nguo za watoto iliishia Dar es Salaam, tiketi halali ikiwa mkononi. Iliandikwa tarehe 12, 00:40. Nikaondoka Mwanza asubuhi ya tarehe 12, nikala mchana kwa shangazi Temeke, na saa tatu usiku nikapanga foleni. Dada wa kaunta aliigeuza karatasi nione vizuri, akaweka kucha chini ya tarehe. "Mama, hii imeondoka usiku wa kuamkia leo."

Hela ya mzigo wa msimu mzima ikaliwa na tiketi mpya. Ndiyo maana wenzangu wa soko la Makoroboi, Mwanza, nawaomba: kabla ya kulipia, ibadili kila saa iwe ya Kiswahili. 14:00 ni saa nane mchana, hiyo haina shida. Hatari iko 00:00 hadi alfajiri, kwa sababu tiketi hubadili tarehe saa sita usiku wakati kwetu usiku ule bado ni wa jana.

Swali ninaloulizwa ni China ni saa ngapi hewani. Ukivuta kamba kutoka Mwanza hadi Guangzhou unapata kama kilomita 9,100, lakini kwanza unashuka Dar, kilomita 850 hivi, ndipo zifuate kama 8,700. Mimi hugawa kilomita kwa 850 kisha naongeza nusu saa ya kupaa na kutua. Dar inakuwa saa moja na nusu. Guangzhou bila kusimama, kama saa kumi na dakika arobaini. Kwa kupitia Dubai, hewani peke yake ni karibu saa kumi na tatu, bado kungojea.

Saa za kule ziko 5 mbele yetu. Ukiruka Dar saa nane mchana, unatua kwao kunakaribia kupambazuka, ila mwili wako unajua ni usiku wa manane. Siku hiyo usinunue kitu. Lala.

Linaloniumiza zaidi ni watu kukata tiketi ya Mwanza peke yake na ya nje peke yake. Ndege ya kwanza ikichelewa, ya pili haikungojei, na begi unalichukua mwenyewe pale Dar, Terminal 2 ya ndege za ndani, ulipeleke Terminal 3 ya ndege za nje. Mvua za radi za ziwani hupenda usiku na alfajiri; nimewahi kukaa saa tatu pale uwanjani Ilemela tukisubiri kutulie. Mwenye kutoka Nansio, kisiwani Ukerewe, avuke na meli siku moja kabla.

Siku hizi naandika kwa kalamu juu ya tiketi yenyewe: "Jumanne 00:40 = JUMATATU usiku, saa sita na dakika arobaini. Kaunta saa tatu na nusu." Naipiga picha, namtumia mume wangu, naye Jumatatu asubuhi ndiye anayeniamsha.