Nilisaini kwa sababu niliogopa

Mhariri,

Wiki hii mmetuuliza wasomaji: Mkristo anayeogopa afanye nini ili abaki mkweli na mwaminifu? Majibu mengi nayajua kabla hamjayachapa. Asali, afunge, akumbuke kwamba Mungu hakutupa roho ya woga. Siyapingi. Ila mimi nilisali asubuhi ile ile niliyosaini uongo, tena nilisali vizuri.

Nilikuwa mtunza stoo kwenye saiti moja ya ujenzi, Dar es Salaam. Likaja lori la saruji, karatasi inasema mifuko 600. Makuli wanashusha, mimi nimesimama mlangoni na chaki. Kila mfuko ukipita naweka mstari kwenye mlango. Minne imesimama, wa tano unaikata. Lori lilipoisha nikahesabu mafungu: 108. Nikahesabu tena, safari hii nikianzia chini. 108. Maana yake mifuko 540. Sitini haipo.

Nikamfuata msimamizi wangu. Hakunifokea wala hakunitisha. Alikuwa anatafuna hindi la kuchoma. Akasema, "Wewe saini, gari liondoke. Mkataba wako si unaisha mwezi ujao?" Basi, akarudi kwenye hindi lake. Nikasaini 600. Nilikandamiza kalamu mpaka kaboni ikatoboka, nakala yangu ikabaki na tundu pale penye jina. Halafu nikachovya kitambaa kwenye maji nikafuta mlango.

Kuufuta mlango hakuna aliyeniagiza. Hilo ndilo linalonisumbua mpaka leo kuliko hata sahihi yenyewe.

Nilikuwa nimejiandaa kwa hofu kubwa. Tumelelewa na habari za mashahidi wa Namugongo, kule Uganda, waliochomwa moto kwa ajili ya imani yao mwaka 1886. Mtoto wa Sunday school unajiuliza, je, mimi ningeweza? Hakuna aliyetuambia kwamba hofu itakuja imeshika hindi na kukuuliza habari za mkataba. Petro naye alikuwa na upanga usiku ule Yesu alipokamatwa, na aliutumia bustanini mbele ya kundi zima la watu wenye silaha. Aliyemwangusha ni kijakazi wa mlangoni, kwa swali la kawaida kabisa, watu wakiota moto. Kisha lafudhi yake ya Galilaya ikamuumbua. Sisi Wahaya tulioishi Dar kipande hicho tunakisoma kwa uchungu wa pekee.

Lakini turudi nyuma saa chache tu, usiku huo huo. Petro anasema hata wengine wote wakichukizwa, yeye kamwe. Muda si mrefu Yesu anawachukua watatu pembeni, na kitabu cha Marko kinasema alianza kufadhaika sana na kuhangaika. Anawaambia wazi kwamba roho yake ina huzuni kiasi cha kufa, wakae naye wakeshe. Nimekisoma kisa hiki tangu utoto bila kukiona. Wawili walikuwa na hofu usiku mmoja. Mmoja akaitaja mbele ya rafiki zake, mwingine akaificha ndani ya majigambo. Aliyeificha ndiye aliyesema uongo kabla jogoo hajawika.

Jibu langu ni hilo: mwenye hofu aitaje kwanza, kwa sauti, mbele ya mtu. Asiianzie kwenye ushujaa. Mwenye zaburi ya 56 anataja kwanza "siku ya hofu yangu"; "sitaogopa" anaifikia mstari unaofuata. Na Paulo huyo huyo wa "roho ya woga" ndiye aliyewaandikia Wakorintho kwamba alikwenda kwao na hofu na matetemeko mengi. Kwa hiyo wazee wangu wa kanisa, naomba mpunguze kuutumia ule mstari wa Timotheo kama fimbo. Ukimwambia mtu kwamba kuogopa ni kukosa imani, umemfundisha kuificha hofu yake, na akishajua kuificha hofu, kusema uongo kwake ni rahisi.

Hili silikutoa kichwani. Bibi yangu mzaa mama alikuwa mlokole wa ule Uamsho uliotoka Rwanda na Uganda kwenye miaka ya 1930 ukaingia kwetu Bukoba. Wenyewe walikuwa na neno lao, kutembea nuruni: unasimama katikati ya wenzako unasema lililo moyoni, hofu na wizi na chuki, bila kulipaka rangi. Bibi alikuwa amewahi kutia mawe kwenye gunia la kahawa ili lizidi uzito. Mama anasimulia kwamba usiku mmoja alisimama kwenye ushirika wa walokole akasema habari za mawe, na kwamba anamwogopa karani wa chama cha kahawa na anamwogopa Babu zaidi. Wenzake hawakumwambia asiogope. Wawili wakaamka naye alfajiri wakamsindikiza. Alipofika mezani kwa karani miguu ilikuwa haitulii, hela ameifunga kwenye pindo la khanga na fundo limegoma kufunguka. Karani akabaki amemtazama. Kitabu chake kilikuwa na sehemu ya kuandika kahawa na sehemu ya kuandika malipo, lakini hakikuwa na sehemu ya mawe.

Mimi nilikaa siku kumi na moja. Nilikuwa silali, na ugali ukinipalia nadhani ni hukumu. Siku ya kumi na mbili nikamwambia mke wangu. Nilitarajia anitie moyo. Akakasirika, kwanza kwa sababu nilisaini, halafu kwa sababu nilitaka kwenda kukiri wakati tunadaiwa kodi ya miezi mitatu. Tulinyamaziana mpaka usiku. Kabla ya kulala akauliza, "Unaogopa nini hasa?" Nikataja kimoja kimoja: kazi, kodi, ada, kuitwa mwizi, kuitwa mlokole mnafiki. Vilivyokuwa vikubwa kama nyumba tumboni, vikitajwa vilikuwa vitano tu. Havikuisha, ila sasa vilikuwa na idadi. Akasema, "Haya, nenda. Lakini usijifanye huogopi, utaharibu."

Nilimwambia msimamizi hivi: "Bosi, mimi naogopa, mikono yangu hii unaiona. Ila leja nimeirekebisha. Lori lile lilikuja na 540, na nimesaini pembeni." Nilikuwa nimeandika kwa wino mwekundu, pungufu 60. Hakujibu. Siku tatu hakunisemesha. Mwisho wa mwezi mkataba haukuongezwa, na sababu sikupewa.

Najua msomaji atauliza habari za wanaosema uongo kuokoa maisha. Wakunga wa Kiebrania, Shifra na Pua, walimdanganya Farao na Mungu akawatendea mema. Mwaka 1994 kule Rwanda wapo waliowaficha majirani darini wakawaambia wauaji kwamba ndani hamna mtu. Siwezi kuwahukumu hao, na ninamshangaa anayeweza. Uongo wao ulimkinga mtu mwingine nao wakabaki hatarini; wangu ulinikinga mimi, na hasara ya mifuko sitini nikamwachia mwenye jengo. Ukitaka kuujua uongo wa hofu, tazama nani amefichwa nyuma yake.

Na kukimbia si kukana. Februari 1977 Askofu Mkuu Janani Luwum wa Uganda alivamiwa usiku nyumbani kwake na askari wakitafuta silaha. Yeye na maaskofu wenzake wakamwandikia Idi Amin kupinga, barua yenye majina yao. Tarehe 16 akakamatwa, kisha redio ikatangaza kwamba amekufa kwa ajali ya gari, uongo ambao hata sisi wa ng'ambo ya mpaka tulikua tukisikia wazee wakiuguna. Mwenzake Festo Kivengere, askofu wa Kigezi, ambaye miaka ya nyuma aliwahi kufundisha Dodoma, alivuka milima usiku na mkewe akaingia Rwanda. Mmoja alikwenda alipoitwa, mwingine akaondoka. Simwoni Kivengere kuwa pungufu. Yesu mwenyewe aliwaambia wanafunzi wakifukuzwa mji huu wakimbilie mwingine. Miguu inaruhusiwa kuogopa. Kinachotakiwa ni ulimi usigeuke, na wake haukugeuka.

Msidhani nilipona. Namba nisiyoijua ikipiga bado nashtuka. Kodi tulimaliza kulipa baada ya mwaka, kwa hela ya vitumbua vya mke wangu, na hilo ananikumbusha kila tukikosana. Na lile kanisa nililolitegemea linisindikize kama bibi alivyosindikizwa, sikulipa nafasi; niliwaambia baada ya yote kwisha. Mzee mmoja aliniuliza, "Mbona hukusema mapema?" Nikakosa jibu. Naona nilikuwa nawaogopa na wao.

Sasa nauza kwenye duka dogo la vifaa vya ujenzi na ninahesabu kwa chaki vilevile. Juzi lilikuja lori la mifuko 200, mlango ukasema 199. Mapigo ya moyo yakabadilika kabla hata sijamwita dereva. Nikamwambia kijana ninayefanya naye kazi, "Hapa nimeshaogopa, njoo usimame na mimi tuhesabu." Tukahesabu, 199. Dereva akapanda juu akalifunua turubai. Ulikuwa kule mbele kwenye kona, umepasuka, saruji imemwagikia spea tairi.