Kihisi cha Hall kinakula betri? Kilaze kwanza

Mtu akiniuliza kwa nini betri ya kifaa chenye kihisi cha Hall, yaani chipu inayohisi sumaku, haidumu, mimi huuliza: hicho kihisi hulala lini? Hakiwezi kuipima sumaku bila mkondo kupita ndani yake, hivyo kikiachwa macho kinakunywa umeme hata sumaku ikiwa imetulia. Chukulia kinatumia miliampea 5. Betri ya CR2032, ile bapa kama sarafu, ina takriban miliampea-saa 220, itakauka kabla ya siku mbili. Sasa kiamshe kwa maikrosekunde 50 tu katika kila milisekunde 50: wastani unashuka hadi maikroampea 5, ukiongeza na kiasi kidogo kinachotumika usingizini. Siku zimegeuka miaka. Chipu nyingi za siku hizi hujilaza na kujiamsha zenyewe, na ningechagua hizo kabla ya kugusa kitu kingine chochote.

Kiamke mara ngapi? Sumaku ndiyo iamue. Kwa mlango, mara 10 kwa sekunde zinatosha kabisa. Gurudumu linalozunguka mara 20 kwa sekunde linataka zaidi ya mara 40, yaani zaidi ya mara mbili kwa kila mzunguko, na mimi huenda hadi 100 ili mzunguko usiponyoke.

Ukishamaliza hapo, tazama nje ya kihisi, maana umeme mwingi huvujia huko. Vihisi vingi vinaweza tu kuvuta waya wa tokeo, ule unaotoa jibu la kihisi, kwenda chini (volti sifuri), kwa hiyo unahitaji rezista ya kuuinua hadi volti ya betri. Rezista ya kiloomu 10 kwenye volti 3 hupitisha maikroampea 300 muda wote tokeo likiwa chini. Hiyo ni mara 60 ya kile kihisi ulichohangaika kukilaza! Panga sumaku ili tokeo likae juu muda mwingi, au nunua kihisi kinachosukuma pande zote mbili.

Wanaowasha kihisi kwa pini ya maikrokontrola, ile kompyuta ndogo ya chipu moja inayoendesha kifaa, waangalie pia kapasita (kihifadhi chaji) iliyo kando ya kihisi. Nanofaradi 100 zikijazwa hadi volti 3 na kumwagwa mara 20 kwa sekunde, ni maikroampea 6 zaidi. Maikrokontrola yenyewe nayo ilale, iamshwe na tokeo likibadilika.

Usipime haya yote kwa mita ya kawaida, kwa sababu vilele vifupi hivyo huipotosha. Weka rezista ya omu 10 kwenye njia ya umeme, uitazame kwa osiloskopu, chombo kinachochora volti zinavyobadilika kwa muda: miliampea 5 zitaonekana kama milivolti 50, na utaona kila mara kihisi kinapoamka na muda kinaokaa macho.