Maswali na majibu: Helicoprion na mzingo wake wa meno

Maswali ya safari hii karibu yote yanahusu kundi moja la samaki wa gegedu (wenye kiunzi cha gegedu badala ya mifupa) lililokwisha kutoweka, Eugeneodontida. Wengi mmeuliza kuhusu Helicoprion, yule mwenye meno yaliyojikunja kama msumeno wa duara.

Michoro mingine inaweka mzingo wa meno puani, mingine mgongoni. Upi ni sahihi?

Hakuna hata mmoja. Mzingo ulikaa ndani ya taya la chini, katikati kabisa, ukalijaza kutoka nchani hadi karibu na bawaba. Alexander Karpinsky, mwanajiolojia Mrusi aliyempa samaki huyu jina mwaka 1899 kutokana na visukuku vya Ural nchini Urusi, alikuwa na meno tu mbele yake, hivyo ilimbidi akisie. Waliomfuata nao wakakisia: mkia, pezi la mgongoni. Ubishi ulimalizwa na kisukuku cha Idaho, Marekani, kilichopatikana mwaka 1950. Kina mzingo wa sentimita 23 wenye meno 117, na gegedu za taya bado zimo ndani ya mwamba. Matokeo ya kukipiga skana ya CT (eksirei za tabaka kwa tabaka) yalichapishwa mwaka 2013, na mzingo ukaonekana umekumbatiwa na gegedu za taya la chini pande zote mbili. Kwa hiyo mchoro wowote unaouonyesha ukining'inia nje ya mdomo, uwekeni kando.

Kwa nini hayo meno hayakung'oka kama ya papa?

Kwa sababu yote yalishika mzizi mmoja usiokatika. Papa hung'oka meno na kuota mengine maisha yake yote. Helicoprion hakuacha hata moja. Jino jipya, kubwa kuliko yaliyotangulia, liliota nyuma ya taya na kuyasukuma ya zamani mbele. Yakifika nchani yalijikunja kwenda chini, yakazama ndani ya gegedu. Ndiyo maana vijino vya katikati ya mzingo ni vya utotoni, na ukianza kuhesabu kutoka hapo unapitia maisha yote ya samaki huyo. Msigeuze hesabu hiyo kuwa miaka, lakini: idadi ya meno si umri.

Aliumaje na meno ya mstari mmoja tu?

Yaliyotumika ni yale yaliyojitokeza juu ya taya, si mzingo mzima. Taya lilipofunga, meno yale yalizunguka kuelekea nyuma: ya mbele yakanasa windo, ya kati yakakata, ya nyuma yakalisukuma kooni. Meno mengi hayana dalili kubwa ya kuchakaa, na hilo linaelekeza kwenye windo laini la jamii ya ngisi kuliko samaki wenye magamba magumu. Jamaa yake Edestus, aliyeishi kabla yake katika kipindi cha Karboniferasi, alikuwa na meno ya namna hiyo juu na chini. Huyo hakuwa na mzingo kamili, bali upinde.

Ni papa au si papa?

Si papa. Taya zake zinamweka upande wa kimera, samaki wa gegedu wa kilindini walio hai hadi leo. Tofauti ni kwamba taya la juu la kimera limeungana na fuvu, wakati la Helicoprion lilikuwa huru, likishikana na fuvu kwa viungo viwili.

Nina picha ya jiwe lenye mzunguko. Nitajuaje kama ni Helicoprion au amonaiti, yule jamaa wa ngisi mwenye gamba aliyekwisha kutoweka?

Picha haitoshi: chukua lenzi inayokuza mara kumi na taa, ulimulike jiwe lenyewe kutoka ubavuni ili vivuli vitokeze. Amonaiti ni gamba: lina ukuta unaoendelea bila kukatika, mara nyingi na mbavu zinazokata mzunguko, na palipobanduka utaona mistari ya vyumba iliyopindapinda. Helicoprion hana ukuta. Utaona pembetatu moja moja zenye ncha iliyoelekea nje, kingo zake zina vijimeno vidogo, na mizizi imeungana upande wa ndani.

Yapo mambo mawili yanayoharibu kazi. La kwanza ni tindikali ya haidrokloriki. Watu huimwaga wakidhani wanasafisha chokaa, kumbe inayeyusha fosfeti, na meno ni fosfeti. La pili ni kulitupa jiwe lenye mashimo matupu ya umbo la meno. Jino lenyewe limeyeyuka zamani, lakini alama imebaki, na ukimimina mpira wa silikoni ndani yake unapata nakala yenye kila kijimeno. Visukuku kadhaa vizuri vya Idaho viko hivyo. Ukiwa na kipande cha katikati pekee usikitajie spishi: spishi zinafanana sana huko ndani, tofauti huonekana kwenye mizunguko ya nje.

Mbona mwili wake hauonekani popote?

Gegedu huoza kabla ya kufunikwa na matope, isipokuwa pale ilipokuwa na ganda la chembe za kalsiamu. Umbo la mwili tunaloliona michoroni limeazimwa kwa jamaa zake, Caseodus na Fadenia, waliohifadhika vizuri British Columbia, Kanada: pezi moja la mgongoni, mkia wa mwezi mchanga, bila mapezi ya tumboni.

Walitoweka lini?

Helicoprion alipotea miaka milioni 270 hivi iliyopita, kabla ya maangamizi makubwa ya viumbe ya mwisho wa kipindi cha Permiani. Hao jamaa zake wa British Columbia waliyavuka, kisha nao wakakoma mapema katika Triasiki, kipindi kilichofuata.