Magari ya umeme: aliyetangulia amebaki na nini?

Wahenga walisema chelewa chelewa utamkuta mwana si wako. Mbona BYD ya China ilichelewa kwenye magari ya umeme na bado imeipita Tesla ya Marekani?

Haikuchelewa. Wang Chuanfu aliianzisha mwaka 1995 mjini Shenzhen kutengeneza betri za kuchaji, na betri hizo zikaingia kwenye simu za Motorola na Nokia. Ilinunua kampuni ya magari mwaka 2003, mwaka uleule Tesla ilipoanzishwa. Kwenye magari ilionekana mgeni, lakini kwenye betri, ambayo ndiyo sehemu ghali kuliko zote, ilikuwa mwenyeji wa siku nyingi. Mwaka 2025 iliuza magari ya umeme mtupu mengi kuliko Tesla. Kwa hiyo ukiambiwa kampuni fulani imewahi, uliza imewahi kwenye nini.

Na General Motors je? Si ndiyo iliyotangulia?

Ilitangulia kwa mbali. EV1, gari lake la umeme, ilitoka mwaka 1996, zikatengenezwa kama 1,100, na wateja walikodishiwa tu, hawakuuziwa. Kufikia miaka ya mwanzo ya 2000 kampuni ilizikusanya, nyingi zikapondwa, ingawa waliokuwa wakiziendesha walizililia. Hilo linaniuma hadi leo. Kampuni ilikuwa na wahandisi waliokwisha kujua magumu yote ya kazi hiyo, ikauachia ujuzi huo ukapoa, wengine wakaja kuanza upya.

Tesla basi imefaidi nini kwa kuwahi?

Vituo vya kuchaji. Ilianza kuvijenga mwaka 2012, wakati magari yake barabarani yalikuwa machache mno, na wengi waliona ni fedha za kutupa. Mei 2023 Ford ilikubali kutumia plagi ya Tesla Amerika Kaskazini, General Motors ikafuata mwezi uliofuata. Gari zuri huigwa. Mtandao wa vituo nchi nzima hauigwi kwa mwaka mmoja.

Kampuni ya simu inaweza kuingia leo ikafaulu?

Xiaomi imeweza: ilitangaza mwaka 2021, ikaanza kuuza gari lake, SU7, mwaka 2024, kwa betri za CATL, kampuni ya betri ya China, na za BYD hiyohiyo. Apple, yenye fedha nyingi zaidi, iliachana na mradi wake mwaka huohuo 2024.

Niko Mombasa. Nimeona Nissan Leaf ya zamani kutoka Japani kwa bei nzuri. Ninunue?

Taratibu, ndugu yangu. Leaf ilitoka Desemba 2010, na wanunuzi wake wa mwanzo ndio waliobeba majaribio. Betri ya Leaf hizo za zamani haina mfumo wa kupozwa kwa maji, na joto huichosha. Wenye magari hayo kule Arizona walianza kulalamika mwaka 2012. Joto la pwani nalo unalijua. Washa gari, tazama pembeni mwa kipimo cha chaji: kuna vijistari 12 vinavyoonyesha afya ya betri. Vikiwa vimepungua, jua uwezo umekwenda, na bei ishuke sawasawa.

Jambo la pili ni plagi. Leaf hiyo huchaji haraka kwa CHAdeMO, mfumo wa Kijapani uliotangulia kisha ukaachwa nyuma Ulaya na Marekani. Kabla ya kulipa, hakikisha vituo unavyovitegemea vina plagi hiyo. Kama huvipati, na safari zako ni za mjini tu, utaweza kuchaji nyumbani usiku, ila Nairobi usiifikirie.