Java tatu zinakula RAM na kazi imeshaisha: deimoni za Gradle na namna ya kuzidhibiti

Kwa wanaopita: mwenye swali ana laptop ya RAM GB 8, anajenga app kwa Android Studio na mara nyingine kwa terminali. Kazi ikiisha bado anaona java tatu au nne zimekalia karibu GB 5, akiziua zinarudi. Mchangiaji mmoja amemwambia aweke `org.gradle.daemon=false` (mpangilio wa kuzima deimoni) yaishe. Huo ushauri nitaurudia chini. Kwanza tuzitambue hizo java. Gradle ni chombo kinachojenga app, na deimoni ni programu inayobaki hai kwa nyuma ikisubiri kazi.

Mkuu, ukiandika `./gradlew assembleDebug`, kinachowaka ni programu ndogo tu, mteja. Kazi yake ni kutafuta deimoni iliyo hai, kuikabidhi kazi na kukuonyesha maendeleo. Kusoma skripti, kukompaili na kufungasha app hufanywa na deimoni, ambayo ni JVM (mashine pepe inayoendesha programu za Java) inayojitegemea. Mteja akiondoka, deimoni inabaki, na imewekwa hivyo makusudi. Tangu Gradle 3.0 ya mwaka 2016 deimoni huwaka yenyewe bila kuombwa, na isipopata kazi hukaa saa 3 ndipo ijizime. Ndani yake kuna klasi zilizokwisha kupakiwa, kodi (code) ambayo JVM imeshaigeuza kuwa ya kasi, na picha ya mafaili ya mradi wako. Ndiyo maana ujenzi wa pili huwa mwepesi kuliko wa kwanza.

Kwa hiyo deimoni moja iliyotulia si ugonjwa. Ugonjwa ni kuwa na mbili au tatu za mradi uleule.

Orodhesha hivi:

```
./gradlew --status
```

Utapata namba ya mchakato, hali (IDLE ni imetulia, BUSY ina kazi) na toleo:

```
   PID STATUS   INFO
 28411 IDLE     8.7
 34247 IDLE     8.7
```

Hapa wengi wanapotea: amri hii huonyesha deimoni za toleo lilelile la Gradle unaloliendesha. Ukiwa na mradi mwingine wa 7.6, deimoni yake haitatokea, na `--stop` (amri ya kuzizima) ya 8.7 haitaigusa. Ili uone zote, tumia chombo kinachokuja na JDK (kifurushi cha zana za Java):

```
jps -lvm
```

Mstari wenye `GradleDaemon` ni deimoni ya Gradle. Wenye `GradleWrapperMain` ni mteja, huyo hupotea mwenyewe. Wenye `KotlinCompileDaemon` ni deimoni ya pili kabisa, ya kompaila ya Kotlin (lugha ya kuandikia app), na wengi huihesabu kama Gradle. Mwishoni mwa kila mstari kuna vigezo vya JVM, angalia hasa `-Xmx`, kikomo cha hipu (kumbukumbu ambayo programu huweka data zake). Wenye `GradleWorkerMain` ni mfanyakazi wa muda, mara nyingi wa majaribio, naye huondoka kazi ikiisha.

Sasa kwa nini ziwe mbili? Mteja haichukui deimoni yoyote tu anayoikuta. Lazima ilingane na anachotaka: toleo la Gradle, Java inayoiendesha, vigezo vya kumbukumbu, hata `file.encoding` na lugha ya mfumo. Kimoja kikitofautiana, anawasha mpya na ya zamani inabaki imelala na RAM yake. Utaona ujumbe huu:

```
Starting a Gradle Daemon, 1 incompatible Daemon could not be reused, use --status for details
```

Usiupite ujumbe huo, ndio jibu la swali lako. Kwa anayechanganya Android Studio na terminali, mkosaji wa kawaida ni Java. Android Studio hutumia JDK iliyokuja nayo, terminali inafuata `JAVA_HOME` (kigezo cha mfumo kinachoonyesha Java ilipo). Java mbili, deimoni mbili. Hakikisha kwa kusoma mafaili ya log ya kila deimoni, yamo kwenye folda ya toleo lake:

```
grep -m1 javaHome ~/.gradle/daemon/8.7/daemon-28411.out.log
grep -m1 javaHome ~/.gradle/daemon/8.7/daemon-34247.out.log
```

Njia mbili za `javaHome` zikitofautiana, umempata. Fungua Settings, Build, Execution, Deployment, Build Tools, Gradle, na kwenye Gradle JDK chagua ileile ambayo `JAVA_HOME` inaielekea. Au fanya kinyume, badilisha `JAVA_HOME` ifuate ya Android Studio. Mimi napendelea njia hii ya pili, kwa kuwa JDK hiyo inakuja tayari imeoanishwa na toleo la Android Studio ulilonalo.

Java zikilingana na bado una deimoni mbili, tazama `gradle.properties`, faili la mipangilio. Kuna la mradi na kuna la `~/.gradle/`, na hili la pili ndilo linaloshinda. Watu wanahangaika kubadilisha `org.gradle.jvmargs` kwenye mradi huku thamani ya zamani imekaa kwenye folda ya nyumbani. Kingine: ukibadilisha vigezo hivyo, deimoni ya zamani haijifi papo hapo. Inageuka isiyolingana, inakaa hadi saa 3 zake ziishe, na wewe unadhani mabadiliko yameongeza matumizi ya RAM. Piga `./gradlew --stop` kwanza, kisha jenga upya.

Tuje kwenye hesabu ya RAM, maana hapa ndipo GB 5 inapotoka. Bila kuweka chochote, deimoni ya Gradle hupewa hipu ya MB 512 tangu toleo la 5.0. Kwa app ya Android hiyo haitoshi, kwa hiyo mtu anakopi `-Xmx4g` mahali fulani. Asichojua ni kwamba deimoni ya Kotlin, isipopewa vigezo vyake, hurithi vya Gradle. Umeandika GB 4 mara moja, umeruhusu GB 4 mara mbili, kwenye mashine ya GB 8 ambayo tayari ina Android Studio na kivinjari. Na `-Xmx` ni kikomo cha hipu peke yake. Metaspace (sehemu ya maelezo ya klasi), nyuzi (threads) na kodi iliyokompailiwa viko nje ya hiyo namba. Mchakato wa `-Xmx2g` kuonekana na GB 2.6 kwenye `top` ni kawaida, si uvujaji.

Kwa GB 8 ningeanza na hivi kwenye `~/.gradle/gradle.properties`:

```
org.gradle.jvmargs=-Xmx2g -XX:MaxMetaspaceSize=512m -Dfile.encoding=UTF-8
kotlin.daemon.jvmargs=-Xmx1g
org.gradle.workers.max=2
org.gradle.daemon.idletimeout=1800000
```

Mstari wa mwisho uko kwa milisekunde, hiyo ni nusu saa. `workers.max` isipowekwa hulingana na idadi ya kore za prosesa, na kila mfanyakazi anadai kumbukumbu yake, hivyo kwenye mashine yenye kore 8 na RAM ndogo ni bora kuibana. Usiweke `-Xms` kubwa, unajikamatisha RAM hata kabla ya kuihitaji. Na usiibane hipu kupita kiasi: ikijaa, JVM hutumia muda mwingi kufagia kuliko kufanya kazi, ujenzi unakwenda kwa kujikokota, na mwisho utaona ujumbe kuwa deimoni itajizima kwa kuishiwa `JVM heap space`. Ikitaja `Metaspace`, ongeza `MaxMetaspaceSize`, kuongeza `-Xmx` hakutasaidia kitu.

Kuna kosa jingine linalofanana na hilo ila chanzo ni kinyume chake:

```
Gradle build daemon disappeared unexpectedly (it may have been killed or may have crashed)
```

Hapo mara nyingi deimoni imeuawa na mtu wa nje. Kwenye Linux, kernel (kiini cha mfumo) ikiishiwa RAM huchagua mchakato mnene na kuuua. Thibitisha:

```
sudo dmesg | grep -i "killed process"
```

Ukiiona java hapo, punguza `-Xmx`, usiiongeze. Nasisitiza kwa sababu kila mtu hukimbilia kuiongeza. Kwenye kontena dalili yake ni namba ya kutokea 137, yaani 128 jumlisha 9 ya SIGKILL (ishara ya kuua mchakato papo hapo). Usipoiona java kwenye `dmesg`, tafuta faili linaloanza na `hs_err_pid` kwenye folda ya mradi. Likiwepo, JVM yenyewe ndiyo iliyoanguka.

Kuzima kwa utaratibu: `./gradlew --stop` ndani ya mradi wa kila toleo ulilonalo. Deimoni ya Kotlin huondoka pamoja na ya Gradle, au yenyewe baada ya saa 2 bila kukompaili. Ikigoma, `kill 28411`, subiri sekunde chache, ndipo `kill -9`. Kuanza na `-9` katikati ya uandishi kunaweza kuacha kashe ikiwa nusunusu, na ujenzi unaofuata ukakupa makosa ya ajabu. Usitumie `killall java`. Itaondoka na Android Studio na kila kitu kingine cha Java ulichofungua.

Sasa `org.gradle.daemon=false`. Vigezo unavyotaka vikitofautiana na vya mteja, na kwa Android karibu kila mara vinatofautiana, Gradle bado italazimika kuwasha JVM nyingine ya matumizi ya mara moja na kuizima mwishoni. Yaani kilele cha RAM wakati wa kujenga ni kilekile, na kila mara unalipa muda wa kuwasha upya. Inafaa kwenye seva ya kujenga ambako kila kazi inaanza kwenye kontena jipya. Kwa laptop ya mtu anayejenga kila dakika chache, `idletimeout` fupi inatosha.

Wa Windows, dalili yenu ya ziada ni folda ya `build` kugoma kufutika kwa sababu deimoni imeshikilia faili la jar ndani yake. `gradlew --stop` huiachilia. Ikishindikana, `jps -l` ikupe namba kisha `taskkill /PID 28411 /F`. Na mfumo wowote ukikwama kwenye `Timeout waiting to lock`, soma ujumbe hadi chini: una mstari wa `Owner PID`. Huyo ndiye wa kumzima, kisha ujenge tena. Faili la `.lock` liache lilipo.