Pimeni tope kwanza: kwa mnaoanza kazi Bonde la Msimbazi

Kila vuli ikikaribia tunawaona vijana wapya wa kupima hatari ya mafuriko wamesimama juu ya daraja la Kigogo, kwenye mto Msimbazi, michoro mkononi, macho kwenye maji. Wanaoshuka chini ya daraja ni wachache. Wiki mbili baadaye inaletwa ripoti yenye rangi tatu za hatari, na makosa ni yale yale ya waliowatangulia. Tunawapenda, na uvumilivu unatuishia. Desemba 2011 mafuriko ya Dar es Salaam yaliua watu zaidi ya 40, maelfu wakabaki bila makazi, na baadhi ya familia za mabondeni zikahamishiwa Mabwepande. Namba mnayoikosea mezani, mtu anailipia akiwa amelala.

1. Vaeni buti, mshuke. Nendeni na fimbo ya kupimia, levo (chombo cha kupimia tofauti ya kimo), na mkazi anayekaa pale. Alama ya maji ya mwaka jana iko ukutani: mstari wa tope, rangi iliyobabuka, saruji iliyolika. Ifungeni na benchimaki iliyo karibu, yaani alama ambayo kimo chake kinajulikana. Ukiandika tu “maji yalifika kiunoni”, hujaandika kitu, kwa sababu viuno havilingani.

2. Kalavati, yaani njia ya zege inayopitisha maji chini ya barabara. Hapa tutakaa, maana kosa hili ni letu sote tuliotangulia. Tumelifanya kwa miaka, tukawafundisha na nyinyi mlifanye, na hatuna sababu ya kulificha.

Chukueni boksi moja la upana wa mita 2 na kimo cha mita 1.5, mwinamo 1 kwa 200, zege safi, namba ya Manning (kipimo cha ukwaruzo wa kuta) 0.015. Likijaa hadi karibu na dari bila kubanwa, linapitisha takriban mita za ujazo 10 kwa sekunde. Eneo linalolimwagia maji ni hekta 40, mvua ya kusanifia milimita 100 kwa saa, mgawo wa maji yanayotiririka (sehemu ya mvua isiyonywewa na ardhi) 0.8. Zidisha vyote vitatu, gawanya kwa 360 ili vipimo viwe mita za ujazo kwa sekunde, unapata 8.9. Kumi ni kubwa kuliko 8.9, basi tunaandika “linatosha” na kugeuza ukurasa.

Halitoshi. Mita za ujazo 10 hizo ni za kalavati la siku ya kukabidhiwa mradi. Linalofanya kazi mwezi Aprili lina nusu mita ya mchanga na mifuko chini. Eneo la kupitisha maji linashuka kutoka mita za mraba 3 hadi 2, na kwa kuwa tope linakwaruza zaidi kuliko zege, namba ya Manning ya boksi zima inapanda hadi kama 0.020. Rudieni hesabu: inabaki mita za ujazo 4.5 hivi. Theluthi moja ya nafasi imeliwa, lakini zaidi ya nusu ya uwezo imeondoka. Hapo ndipo tulipokuwa tukipotea. Tuliona tope, tukalikadiria kwa macho, tukapunguza matokeo kwa theluthi na kuona tumekuwa waangalifu.

Kosa la pili limejificha ndani ya hilo la kwanza. Tulikuwa tukichukua mgawo wa 0.5 kwenye vitabu, ule wa makazi yenye bustani na nafasi. Vingunguti na Buguruni bati linagusana na bati, na ardhi iliyobaki imekanyagwa ikawa kama sakafu. Ndiyo maana tumeweka 0.8. Lakini hata kwa 0.5 ile ya vitabu unapata 5.6, na kalavati lenye tope linashindwa hata hiyo. Maji yaliyokosa njia hayasubiri. Yanapanda barabarani na kuingia kwenye nyumba zilizoonyeshwa kwa kijani kwenye ramani yetu.

Kwa hiyo, kila kalavati liwe na safu tatu kwenye jedwali: uwezo likiwa safi, uwezo kwa tope mlilopima kwa fimbo sehemu tatu (mdomoni, katikati, mwishoni), na uwezo mdomo ukiwa umezibwa nusu na taka. Uamuzi utoke safu ya pili. Ya tatu mpelekeeni mtendaji wa mtaa, maana yeye ndiye atakayezungukwa na watu usiku.

Na tope likitolewa, lisilundikwe kingoni. Kalavati la mita 30 lenye tope hilo lina mita za ujazo 30, yaani tripu tano au sita za tipa ya mita za ujazo 7, kwa kuwa tope huumuka likichimbwa. Andikeni tripu hizo kwenye bajeti. Bila hivyo mvua ya kwanza inalirudisha lilikotoka.

3. Mita 60. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo. Ni mpaka wa kisheria. Msiuchore kama mpaka wa mafuriko. Pale Jangwani bonde ni tambarare na maji yanatanda mbali zaidi ya hapo. Isitoshe, kingo zenyewe zinahama, hasa palipochimbwa mchanga, kwa hiyo andikeni tarehe mliyopima.

4. Someni jedwali la maji ya bahari. Msimbazi unaishia baharini, kwenye mikoko ya daraja la Selander. Bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo, hapa hupanda na kushuka zaidi ya mita 3, na kilele chake huangukia karibu na saa kumi, alfajiri na jioni. Mvua kubwa ikikutana na kilele hicho, maji ya mto hayana pa kwenda, na Jangwani inajaa hata kama mitaro yote ni misafi. Fanyeni hesabu mbili, ya maji kupwa na ya bamvua.

5. Mvua ya Pugu na Kisarawe, juu mto unakotokea, inafika Kigogo jua likiwaka. Kengele ya mtaa isingoje mawingu ya mtaani. TMA (Mamlaka ya Hali ya Hewa) wakitoa angalizo, mitaro ikaguliwe. Ikiwa tahadhari, wazee, wagonjwa na watoto wahamishwe kabla ya giza. Majina ya kaya hizo awe nayo mjumbe wa shina. Yakibaki kwenye kompyuta yenu hayamsaidii mtu.

6. Msianze ramani upya. Tangu 2015 vijana wa Ramani Huria, wakiwemo wanafunzi wa vyuo vikuu, wamechora mitaro na nyumba kata kwa kata pamoja na wakazi. Ichukueni, mwende nayo uwandani, mrekebishe palipobadilika.

7. Mkipanua mtaro wa Tabata, fuateni maji hadi chini mkaone nani anayapokea. Tumewahi kupongezwa kwa kukausha mtaa mmoja huku mtaa wa chini ukizama mapema zaidi. Anzeni kupanua kutoka chini kwenda juu. Bajeti ikitosha kipande kimoja tu, kiwe cha chini.